Mtu Aliyezungumza na Mlango

Nitajisifu kwanza, mengine yatafuata. Kwa miaka tisa nilikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video pale Bwera, na hakuna aliyenishinda, si upande wetu wala ng'ambo ya mpaka. Watu walivuka kutoka Congo, wakaviacha vibanda vyao wenyewe, kuja kunisikiliza mimi. Nilikaa kwenye stuli kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye kioo, mimi ndiye niliyempa maneno. Nimekuwa jenerali, mwizi, mjane, daktari, na siku moja nilikuwa mbwa, na mbwa huyo alipigiwa makofi.

Kiswahili nilikipata kambini. Baba yangu alikuwa askari aliyehamishiwa huku kutoka kaskazini, na pale kambini watoto wa makabila kumi tulihitaji lugha moja hata ya kugombana. Kiingereza nilikielewa nusu. Filamu za Kichina, za Kihindi na za nchi nyingine sikuelewa hata neno, na wala halikunisumbua. Siri ya kazi ile ni kutoangalia mdomo. Niliangalia mabega. Mtu akiinua mabega anadai, akiyashusha anaomba. Ukishajua hilo, yaliyobaki ni kujaza tu.

Na sikuwa mvivu. Kila filamu niliitazama kwanza peke yangu asubuhi, mara mbili ikibidi, ndipo niitafsiri mchana mbele ya watu. Kwa hiyo wenzangu wanaposema wangependa kuitazama filamu fulani tena kama mara ya kwanza, mimi huwa natabasamu. Kazi yangu ilikuwa kuijua filamu kabla ya kila mtu. Ni moja tu katika maisha yangu yote niliyoiona kwa mara ya kwanza pamoja na umati, na ndiyo iliyonipatia mke.

Mke wangu wakati huo alikuwa bado binti wa Hajji tu. Hajji aliuza vitenge na alikuwa na lori la kupeleka mizigo Kasese. Duka lake lilipakana na kibanda chetu, na mbele ya duka binti yake alikuwa na sigiri, akipika chai na chapati. Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa mabati tu. Ndani hakuingia hata siku moja. Binti wa Hajji aingie kibanda cha video, mahali pa wavuta sigara na wapiga mayowe? Angetia mguu mmoja, Bwera nzima ingekuwa imejua kabla hajatia wa pili. Lakini masikio hayakukatazwa. Kila nilipochekesha, benchi zote zilicheka, halafu nyuma ya mabati nikasikia kicheko kimoja kikichelewa kidogo, na hicho ndicho nilichokuwa nakifanyia kazi.

Nje ya kibanda nilikuwa mtu mwingine. Mimi niliyetongoza malkia kwa niaba ya wafalme, nikifika mbele ya sigiri nilisema, "Chapati mbili na chai." Yeye aliuliza, "Sukari?" Nami nilijibu, "Kidogo." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa mwaka mzima. Nilijichukia kila niliporudi kwenye stuli yangu.

Basi siku moja ya soko kibanda kilijaa mapema, na filamu tuliyoitangaza ikagoma, mkanda ulikuwa umeliwa na mashine. Watu wakaanza kupiga benchi. Mwenye kibanda akatoa kaseti aliyoletewa asubuhi hiyohiyo na basi la Kasese, haina hata picha juu, akaisukuma ndani. "Tafsiri," akaniambia. Nikamwambia sijaiona. "Na wao pia hawajaiona," akasema.

Ilikuwa filamu ya theluji. Polisi mmoja mwenye kofia pana anawafuata majambazi waliopanda farasi milimani, na lugha yao mpaka leo sijui ilikuwa ya nchi gani. Wazee wa Kikonzo, wenyeji wa pale, waliokaa mbele walikubaliana papo hapo kwamba filamu ilipigwa juu ya mlima wetu wenye theluji kileleni, kwa kuwa theluji nyingine hawakuwahi kuiona. Mimi nilijaza maneno kwa kubahatisha, na nilikuwa nabahatisha vizuri. Kisha likaja tukio lile. Polisi anafika kwenye nyumba ya mbao, mlango umefungwa. Anavua kofia. Anasimama mbele ya mlango na kuanza kusema, polepole, kwa sauti ya chini, na hakuna anayemjibu. Halafu nikaona mabega yake yameshuka.

Nyuma ya mabati mafuta yalikuwa yameacha kulia kwenye kikaango. Alikuwa ameacha kupika ili asikie. Sijui nani aliniruhusu, ila nilisogeza maikrofoni na kusema hivi:

"Mimi iko mutu wa kusema mingi, lakini kwa mulango yako maneno inanikimbia. Kila siku ninakuja hapa ninaomba chai. Haikuwa chai nilikuwa ninataka. Kama unakubali nitume wazee kwa baba yako, gonga mara moja tu. Kama haukubali, nyamaza. Nitaenda, na sitakusumbua tena."

Kisha jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Chai gani, wewe? Huyu si iko polisi?" Kabla hajamaliza, nje, upande wa pili wa mabati, mwiko ukagonga kikaango. Mara moja tu. Wakati huohuo kwenye kioo mlango ukafunguka, na akatoka mzee wa ndevu ndefu na bunduki mikononi. Nikasema, "Huyu ni baba mukwe, anatoka kupokea wageni." Watu walicheka mpaka benchi moja ikavunjika, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha na hakuna aliyejua.

Wazee walikwenda kwa Hajji wiki ileile. Hajji alisema mtoto wa kambi hana kwao, akakataa mara ya kwanza, mara ya pili akamwita binti yake amuulize. Binti akasema yeye alishajibu. Tukafunga ndoa.

Sasa kosa langu. Tulipokuwa wachumba aliniuliza nilitoa wapi filamu yenye maneno kama yale, nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema niliitafuta wiki tatu. Nilizunguka Kasese yote, nikafika mpaka Hima, nikiulizia filamu ambayo ndani yake kuna mtu anayeomba mke mlangoni. Nilitaka aone jinsi nilivyohangaika. Yeye akaamini kwamba maneno yalikuwa ya yule mtu wa theluji, na kwamba mimi nilimchagulia kama mtu anavyochagua kitenge dukani. Aliwasimulia dada zake hivyo. Akamsimulia binti yetu hivyo. Kila aliposimulia, mimi niliongeza mahali pengine nilipotafuta, na miaka michache iliyopita nikajikuta nimefika hadi Mubuku, nikiuliza wakulima wa mpunga kama wana filamu.

Simu zilipoingia, vibanda vikafa. Tukahamia Kasese, hapa Nyamwamba, nikafungua duka la vipuri vya pikipiki. Binti yetu ni mwalimu Hima na hutujia mwisho wa wiki. Miezi michache iliyopita, tukiwa tunakula, alileta mchezo alioutoa kwa walimu wenzake: kila mtu ataje filamu ambayo angependa kuitazama upya kama hajawahi kuiona. Yeye akataja yake, mimi nikatoa hotuba yangu ya kuijua kila filamu kabla ya watu. Mama yake akasema, "Mimi nilisikia moja tu yenye niliweka kwa moyo, na macho haikuiona. Ile ya mutu wa mulango. Ningepewa kuisikia tena kama siku ile, singetaka kitu ingine." Alisema hivyo akiokota wali kwenye sahani, bila kunitazama, na nikaona kweli anaitaka.

Binti yetu ni mkaidi kama babu yake. Alitafuta kwenye mtandao kwa majuma, polisi mwenye kofia, theluji, farasi, mlango, mpaka akaipata. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akaja na kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni. "Baba, hata wewe utapumzika," akasema. "Chini imeandikwa Kiingereza, mimi nitamsomea Mama kwa Kiswahili."

Nilijaribu kila njia. Nikasema umeme utakatika. Nikasema filamu za zamani zinaharibu macho. Nikajitolea kutafsiri mwenyewe, na mke wangu akaniambia, "Hapana. Leo nataka kumusikia yeye mwenyewe." Alikuwa amevaa gomesi yake nzuri, vazi la sherehe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa ajili ya filamu. Ndipo nilipoogopa kabisa. Si aibu ya kunaswa niliyoiogopa. Niliogopa kumvunjia kitu alichokitunza miaka ishirini na sita.

Theluji ikaanza. Binti alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, bila kuongeza chumvi hata chembe. Kofia pana, farasi, nyumba ya mbao. Polisi akavua kofia mbele ya mlango. Mke wangu akasogea mbele kwenye kiti chake.

"Anasema: tupeni bunduki nje," binti akasoma. "Anasema: najua mko wawili. Farasi wenu wote wamekufa, hamna pa kwenda. Anasema: mimi naweka yangu chini, mnaona, naiweka kwenye theluji."

Kumbe ndiyo maana mabega yalishuka. Hata katika hali ile nilijisemea kwamba sikuwa nimekosea sana.

"Rudisha nyuma," mke wangu akasema. Binti akarudisha. Tupeni bunduki nje. Najua mko wawili.

"Pa kugonga iko wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Na chai?"

"Mama, hapa hakuna chai."

Mzee wa ndevu akatoka na bunduki yake, na safari hii hakuna aliyecheka. Binti akasimamisha filamu. Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akasema anakwenda kuangalia kama nguo zimekauka, ingawa siku ile hatukufua.

Mke wangu akanigeukia. "Wiki tatu," akasema.

"Sikuitafuta," nikasema. "Ililetwa na basi. Sikuwa nimeiona hata mimi."

"Hima?"

"Sikufika."

"Mubuku?"

"Wala Mubuku."

"Sasa ile maneno ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote. Hata ya chai."

Nilidhani angepunguza hasira kwa kusikia hivyo. Macho yake yalijaa machozi, na sauti yake ikapanda. "Miaka yote nashukuru mutu wa theluji! Kila tukikosana nakumbuka maneno yake, nasema basi, huyu wangu hajui kusema, lakini alijua kunitafutia mwenye anajua. Kumbe wewe ulijua. Ulijua, na ukanyamaza? Mbona haukuniambia ni wewe?"

Nilikuwa na majibu. Huwa ninayo daima. Lakini yote yalikuwa ya kibandani, na nikayaacha. Nikamwambia ukweli, kwamba kumpa mtu mwingine maneno ni rahisi, akikataliwa anakataliwa yeye. Siku ile kama mwiko usingegonga, ningesema ni polisi ndiye aliyeomba. Nilikuwa mwoga, na nikaoa nikiwa mwoga, na baadaye nikaona aibu kusema.

Akasimama. Akafuta macho kwa ncha ya mshipi wa gomesi, akatoka nje kupitia mlango wa mbele, akaufunga. Nikasikia komeo la nje likiingia. Nilimfuata mpaka mlangoni na kuita.

"Unataka nini?" akauliza kutoka ng'ambo.

Nilisimama pale kwenye sebule yangu mwenyewe, na kwenye kioo nyuma yangu polisi bado amesimama na mzee wake. Sikuwa na maikrofoni. Wala sikuwa na mabega ya mtu yeyote ya kuangalia isipokuwa yangu, na yangu yalikuwa chini. Majirani walikuwa wanapita, nikiwasikia wanamsalimu na yeye anawajibu kwa heshima, kana kwamba kusimama nje ya mlango uliofungwa ni jambo la kila Jumapili. Nikaanza kusema. Nilisema kwa jina langu. Sitayaandika hapa niliyoyasema, kwa kuwa hayakuwa mazuri kama yale ya kibandani. Yalikatika katikati, mengine nikayarudia mara mbili, na mahali fulani niliomba radhi kwa ajili ya wakulima wa Mubuku. Mwisho nikamwambia kama ananikubali, agonge mara moja.

Nikangoja. Filamu zote nilizotafsiri, isipokuwa ile moja, nilijua mwisho wake kabla ya watu. Huu sikuujua.

"Na chai?" akauliza.

"Hata siku zile haikuwa chai niliyoitaka," nikasema.

"Miaka yote nimekupikia."

"Najua."

Kisha nikasikia kidole chake kikigonga ubao wa mlango, mara moja.