Maharagwe Yasiyonuka

Juzi, dukani Parklands, muuzaji alinifungulia chupa ya mafuta ya mwarobaini ninuse. Nikaisukuma mbali palepale. Yananuka kama kitunguu saumu kilichooza pamoja na njugu zilizochacha.

Ndiyo harufu ya alasiri moja ya utotoni kwa shosho, nyanya yangu, mtaani Mountain View. Alikuwa akiyapaka mafuta hayo maharagwe ya kuweka akiba, mikono ikimng'aa hadi viwikoni.

"Shosho, hiyo mimi sili!" nikalia, nimeziba pua.

"Si tutaosha kabla ya kupika? Hii ni ya kuzuia wadudu."

Sikusadiki. Kwangu, kilichonuka ndicho kilichokuwa kichafu. Niling'ang'ania gunia la pembeni ambalo hakuwa amelipaka. Maharagwe yake yalinukia vumbi tu, na mengine yalikuwa na vitundu vya duara, vizuri kama vya shanga.

Shosho alinitazama, akacheka. "Haya basi." Akanipikia githeri, mahindi kwa maharagwe ya gunia hilo.

Siku hizi najua kwamba harage lenye kitundu mdudu wake ameshatoka. Wa harage la jirani, lisilo na kitundu, bado yumo ndani, funza mweupe, mnono, laini.

Siku ile nilikula nikalamba sahani, nikaomba niongezewe.