Nilipiga Hodi Mlangoni Kwao

Kosa ni langu peke yangu. Mke wangu angalikuwa hai ningalimwambia yeye. Sasa nakwambia wewe msomaji, usiyenijua.

Nilifundisha historia miaka thelathini na miwili. Wanafunzi wangu wote waliijua kauli yangu: "Umeona, au umesikia?" Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza!

Jirani yangu hapa mtaani Jericho alikuwa mshona kofia, mtu wa Pwani, nitamwita Salim. Tangu nilipofiwa, kila alasiri alileta birika la kahawa kibarazani kwangu, akanisimulia nyumba aliyozaliwa katika Mji wa Kale, Mombasa: mlango uliochongwa nakshi na babu yake, wenye misumari ya shaba, mmoja umeng'oka. Kahawa yake niliinywa. Maneno yake sikuyaamini.

Pasaka ya mwaka juzi, sisi wakazi tulikodi basi kwenda kuuzuru mji huo kwa siku moja. Salim akatuongoza. Lo, alivyovijua vichochoro vile! Ukuta huu wa Mreno, roshani ile ya Mhindi, msikiti huu mkongwe kuliko wote wawili. Hatimaye akasimama, akaashiria mlango ulio mbele kidogo.

"Pale ndipo kwetu," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi tuingie."

"La, Mwalimu. Kuiona kwatosha. Twendeni zetu."

Kwatosha! Nikaona ameogopa kuumbuliwa. Nikaenda, nikapiga hodi. Akatoka bibi mmoja aliyejitanda leso.

"Bibi, wamjua mtu huyu? Adai hapa ni kwao."

Bibi akamtazama Salim kwa muda mrefu, kisha akatutazama sisi thelathini nyuma yake, na kamera zetu. Salim akainamisha kichwa.

"Simjui," bibi akasema, akaufunga mlango.

Hapo nikaona pengo la msumari mmoja. Nikajiambia kwamba milango mingi hupoteza misumari! Kabla ya kuondoka nikamwachia mwenye duka la jirani anwani yangu, ili yeyote ajuaye ukweli wa nyumba ile aniandikie.

Ndani ya basi walimcheka njia nzima.

"Mzee, kumbe ni fiksi tupu!" vijana wakapiga kelele.

"Bwana Salim," akadakia mama mmoja muuza mboga, "kesho tupeleke Ikulu, nako ni kwenu!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka!

Tuliposhuka, Salim aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, umeridhika?"

Birika halikuja tena. Mwezi haukuisha akawa amehama bila kuaga.

Kisha barua ikaja, ya yule bibi. "Yule ni ndugu yangu, tumbo moja. Hakuja kumzika mama yetu. Baada ya miaka yote hiyo namwona amesimama na kundi la watazamaji, nawe waniuliza kama karani wa korti. Hasira zikanishinda. Angalikuja peke yake ningalimfungulia. Mwambie aje upesi, mimi si mzima."

Nimwambie wapi?

"Nasikia yuko Pumwani," fundi viatu akaniambia. Nikaenda, hayuko. "Nasikia ashona magunia karibu na viwanda," akasema mwingine. Nikautembea mtaa wa huko, Mukuru kwa Njenga, siku tatu, nikiuliza mlango kwa mlango, na watu wakinitazama kama nilivyomtazama yeye. Mimi niliyeidharau "nasikia" maisha yangu yote, sasa sina kingine cha kushika. Jioni hurudi kwenye kibaraza changu, na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi.

Nawe uliyesoma ukajiona hakimu wa maneno ya wenzako, nakuonya: mtu akikuonyesha kwao kwa mbali, tazama ukiwa pale pale alipokusimamisha. Ana sababu yake.

Na kama mtaani kwenu pana mshona kofia mzee, mgeni, mpole, basi mwambie dada yake anamngoja. Hata kama hujamwona. Hata kama umesikia tu.