Kasida Bila Kinanda

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Kinanda. Jina hilo halipendi. Ameacha kupiga kinanda miaka mingi iliyopita, lakini watu hawajaacha kumwita hivyo, na wa kwanza ni mimi. Nikipita kwenye kibanda chake namwambia, "Kinanda, hujambo?" Anainua macho kutoka kwenye feni anayoifungua, anaitikia taratibu, anarudi kwenye skrubu zake. Ni mpole. Upole wenyewe ndio unaonitia hasira.

Zamani yeye alipiga na dada akaimba. Kasida tupu: kumsifu Mtume, kumwomba Mungu msamaha. Wimbo wa mapenzi dada hakuutia mdomoni hata kwa mzaha. Waliitwa kwenye harusi za watu, wakarudi nyumbani wamechoka, wanacheka wenyewe kwa wenyewe kama watoto waliotoroka shule.

Kisha mama yake shemeji akafariki, na huzuni ikampeleka msikitini, kwenye darasa la baada ya Alasiri. Huko akasikia kwamba ala za muziki ni haramu, hata kama maneno ni ya dini. Wengine husikia hivyo wakaenda zao. Yeye si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Kinanda hakumpa mtu, maana alisema atakayekipiga atamgawia dhambi. Alikaa sakafuni akakifungua kipande kwa kipande mpaka kikawa rundo la plastiki na waya. Kaseti walizorekodi pamoja akazichoma moto nyuma ya nyumba.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, anatazama moshi.

"Na wewe umekubali tu?" nikamuuliza.

"Anamwogopa Mungu, mdogo wangu. Sasa nimwambie asiogope?"

Basi yakaisha. Shemeji akakataa kutengeneza spika za kumbi za muziki, akabaki na feni na pasi, na redio chache ambazo huzijaribu kwa taarifa ya habari. Watu wakamtania kwamba redio ikilala kwake wiki moja inarudi inajua siasa.

Mwaka juzi dada akaugua, akafa. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ile ya vyumba viwili nilikuwa naiona ndogo. Siku hizi nikiingia naiona kubwa. Shemeji anakula kibandani akiwa amesimama. Nilipomuuliza kwa nini hakai mezani, aliniambia mezani kuna viti viwili. Nikajifanya natafuta chumvi.

Tulipokuwa tunagawana nguo za marehemu, chini kabisa ya sanduku niliona kaseti moja imefungwa kwenye mtandio. Alikuwa ameificha moto usiifikie. Sikumwambia mtu, nikaitia kwenye mkoba. Nyumbani nikaitia kwenye redio yangu ya zamani, nikasikia dada akivuta pumzi ya kuanza, kisha redio ikautafuna mkanda na kuukata. Nilikaa chini kama niliyefiwa mara ya pili.

Mafundi vijana wanajua simu tu. Anayeweza kuunga mkanda wa kaseti mtaani kwetu ni mmoja, na ndiye aliyechoma zile nyingine. Nikaenda, roho mkononi.

Aliitambua kabla sijafungua mtandio wote. "Hii umeitoa wapi, shemeji?"

"Ilikuwa ya dada, sasa ni yangu. Nataka uiunge. Ukiichoma, mimi na wewe hatutasalimiana mpaka kiama."

Aliigeuzageuza. "Niachie. Nikaulize kwanza."

"Ukamuulize nani? Ni sauti ya mkeo."

"Ndiyo maana naogopa kujijibu mwenyewe."

Akaenda akauliza. Sheikh wake wa darasa alimwambia kuimba maneno mema kwa mdomo hakuna ubaya, na sauti ya mke kwa mumewe haina shida, ila ala asizisikilize. Hakutulia, akamwendea imamu mzee wa msikiti mwingine. Huyo akamwambia wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na kwa maoni yake ala si kitu. La kuangalia ni kama moyo unasogea kwa Mungu au unamkimbia.

"Basi mfuate huyo wa pili," nikasema. "Yeye naye kasoma."

"Nikimchagua kwa sababu jibu lake limenipendeza, nitakuwa nimemfuata yeye au nimejifuata mwenyewe?"

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu.

Siku chache baadaye akaniita. Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa, kibanda kinanuka risasi ya kuchomelea. Mkanda ameuunga, vichwa vya deki ya kaseti amevisafisha kwa pamba na spiriti, spika mbili ameziweka juu ya meza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona kachangamka.

"Tulirekodi chumbani," akasema. "Sauti yake iko spika ya kushoto, kinanda changu kiko ya kulia. Nikizungusha kitufe hiki mpaka mwisho, kulia panakufa. Inabaki kasida na mke wangu. Hapo hata sheikh hana neno."

Akazungusha, akabonyeza.

Dada akaimba. Alikuwa hapo hapo kati ya pasi na feni za watu. Akamaliza ubeti, akanyamaza.

"Umekatika tena?" nikauliza.

"Bado. Subiri."

Kimya kikaendelea. Ilisikika pumzi yake tu. Kisha akaanza ubeti wa pili, akamaliza, akanyamaza tena. Ndipo nikaelewa kwamba hapo ndipo kinanda kilipokuwa kikijibu. Katika kimya cha tatu dada alicheka kidogo, kicheko cha puani, kwa jambo ambalo sisi hatukulisikia.

"Hapo nilikosea," akasema shemeji.

Aliinamia meza. Ule uchangamfu ulikuwa umemtoka wote.

"Jikoni pia alikuwa akifanya hivi," akasema. "Miaka yote ile. Anaimba, ananyamaza, anaimba. Mimi niko chumbani na kitabu changu, namsikia. Nilidhani anaonja mboga."

"Zungusha kitufe, shemeji. Mara moja tu. Mjibu."

Akatikisa kichwa. "Niliacha kwa ajili ya Mungu. Siwezi sasa kumwambia nilikuwa natania." Akaizima deki. "Iache kwangu kwa wiki hii."

Nilimwachia, lakini sikumwamini. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Mchana mmoja nikapiga moyo konde, nikaenda kuchukua kilicho changu, na maneno ya kugombana nilikuwa nimeshayapanga njiani.

Mlango wa kibanda ulikuwa umerudishwa. Ndani dada alikuwa anaimba. Akamaliza ubeti, akanyamaza, na katika kile kimya nikasikia sauti ya mwanamume. Shemeji hajawahi kuimba maishani mwake, vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikimsemea. Sasa alikuwa anatafuta kwa mdomo njia ambayo kinanda kilikuwa kikipita, kwa sauti iliyokwaruza, akapotea katikati. Dada hakumngoja amalize, akaingia na ubeti wake.

Akasimamisha. Nikasikia mkanda ukirudishwa nyuma. Dada akaimba ubeti ule ule, akanyamaza pale pale, naye akajaribu tena, akachelewa tena.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kubisha hodi. Nikaushusha, nikarudi nyumbani bila kaseti, nikilia njia nzima.