Kicheko cha Mishumaa Sita

Saa nne na robo asubuhi, kicheko kinalipuka ndani ya jengo la mawe. Langoni, mkata tiketi wa miaka hamsini na mmoja anaendelea kuchana tiketi za kundi linalofuata. Hainui kichwa. Anajua wageni wamefika wapi: kwenye sanduku la mishumaa.

"Huo utani ni wangu," anasema. "Niliutunga mwenyewe, nikaupamba."

Hadi mwaka jana alikuwa mwongoza wageni katika makazi haya ya kale ya wamisionari, ambayo sasa ni makumbusho. Kwa miaka kumi na moja alisimama mbele ya sanduku hilo akieleza habari za seremala aliyeiba mishumaa sita ya kanisa, akachapwa viboko ishirini na vitano, akafukuzwa. Kisha alikuwa akimalizia: "Jamaa alitaka kwenda mbinguni kwa njia ya mkato, akaona abebe na taa kabisa!" Watu hoi.

Siku moja aliombwa afunue kurasa za daftari la misheni zipigwe picha. Akakuta kesi ya seremala. Mistari mitatu chini yake, tarehe ileile ya wizi: mke wa seremala kajifungua usiku, mtoto wa kiume; siku nane baadaye, wote watatu wamefukuzwa.

Jina la mtoto lilikuwa la babu yake mkata tiketi mwenyewe. Jina la mama lilikuwa lile ambalo shangazi yake hulitaja kila ukoo unapokutana.

"Babu alituambia wazee wake walihama huku. Walihama! Walitupwa nje na kichanga cha siku nane," anasema, uso umemkunjamana. "Na mimi nikamcheka huyo mtu miaka yote hiyo. Nimelisha wanangu kwa kicheko hicho."

Aliomba utani uondolewe. Mkuu wa makumbusho akamjibu kwamba wageni wanaupenda. "Mambo ya familia yako myamalize nyumbani, bwana."

Akagoma kuusimulia. Wiki iliyofuata akahamishiwa langoni, na bakshishi za wageni, nusu ya kipato chake, zikakatika. Mwenzake akakabidhiwa utani uleule, neno kwa neno.

Viti alivyovichonga seremala bado vimo kanisani, na wageni huvikalia wakipumzika. Hakuna kibao kinachomtaja. Inatia hasira.

Kilichomtesa zaidi ni kumwambia baba yake, mzee wa miaka themanini na mitatu.

"Kumbe baba yangu alizaliwa kwa mwanga wa wizi," akasema mzee.

Sasa wana mpango. Jumamosi ijayo mzee atakata tiketi kama mgeni yeyote na kulifuata kundi. Watu wakishacheka, atanyoosha mkono na kuuliza: usiku ule wa mishumaa, nani alizaliwa?

"Nataka waulizwe na mjukuu wa mwizi mwenyewe," anasema mkata tiketi. "Kila jioni tunafanya mazoezi. Swali mzee analijua. Ila mpaka leo hajalimaliza bila kulia."