Mfuko Uliohamia Kulia

Shughuli nzima ilitugharimu shilingi tisa na senti arobaini, nami nimezihesabu mara mbili: uzi mweusi, nyembe mbili, sindano iliyovunjika na ile iliyoshika nafasi yake, na mkaa wa pasi. Nauli ya basi siihesabu, kwa sababu Mbeya tungekwenda hata kama baba angevaa gunia. Harufu yake ninayo puani hadi leo: sufu iliyolowa chini ya pasi ya mkaa, nusu kondoo, nusu jiko, imejaa chumba chetu cha Kihesa, na nje baridi ya Juni inauma masikio. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mezani lilikuwa limelazwa koti pekee la baba, limefumuliwa vipande vipande kama mbuzi wa sikukuu.

Koti hilo baba alilinunua mnadani kabla sijazaliwa. Viwiko vyake vilikuwa vimesuguliwa na meza mpaka vinang'aa, ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Kwa ukarani wa ghala lilitosha. Lakini kaka yangu Festo alikuwa amempenda Tusekile, binti wa Ilomba, kule Mbeya, na baba alitakiwa kwenda kwa wazazi wake kujadili mahari. Festo alituonya kwamba mzee yule anamkagua mtu kuanzia kiatu kwenda juu, na kwamba posa mbili zilikwisha kurudi zilikotoka. Nikatumwa kwa fundi wa sokoni kuulizia. Akataja thelathini na tano. Nikacheka, nikageuka kama ninayeondoka, nikaitwa, nikamshusha hadi ishirini na nane. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mama akaniuliza fundi ana vidole vingapi. Nikasema kumi. "Basi tuko sawa," akasema. "Lete wembe."

Kugeuza koti si uchawi. Upande wa ndani haujaona jua wala meza, kwa hiyo bado ni mpya. Unafumua kila mshono, unafua, unapiga pasi, halafu unashona upya, ndani ikiwa nje. Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema mama, ingawa kwetu msala haukuwa umepita. Kazi yangu ilikuwa kufumua. Nyuzi zilizotoka nzima nilizizungushia kwenye gunzi la mahindi, zikatumika tena kupiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza tu. Vifungo vilikuwa sita. Nilivihesabu jioni, nikavihesabu tena asubuhi. Nisichohesabu ni upande. Ukigeuza koti, kushoto kunahamia kulia. Matundu ya vifungo mama aliyaziba kwa uzi, akatoboa mapya upande wa pili, hata mimi sikuyaona ya zamani yalipokuwa. Lakini mfuko wa kifuani ulikuwa umekatwa kwenye kitambaa chenyewe, hauhamishiki. Tuligundua siku ya safari, baba alipopeleka mkono kifuani kuchomeka kalamu yake akapapasa sufu tupu. "Hawaozi mfuko," mama akasema. "Nendeni."

Tulikwenda watatu: baba, baba mdogo aliyekuwa msemaji wetu, na mimi niliyetumwa kulilinda koti, maana kwapa moja lilikuwa bado limeshikwa na bandi. Sebuleni Ilomba mwenyeji alimwangalia baba kiatu, akapanda goti, akafika kifuani, akakwama.

"Bwana mkubwa, mbona mfuko wako uko kulia?"

Baba, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema uongo, alisema wa kwanza uliomjia. "Mimi ni mtu wa shoto."

Njia ya mwongo ni fupi; hii ilikuwa na urefu wa kutoka sebuleni hadi jikoni. Mama yake Tusekile aliingia na sinia la ndizi na nyama, na maji ya kunawa. Baba alikodolea macho mikono yake miwili. Akila kwa kushoto, amewatukana wenyeji mezani kwao. Akila kwa kulia, ni mwongo aliyekuja kuomba mke. Baba mdogo alikohoa, akakohoa tena, halafu akakosa kikohozi. Nikaiona posa ya tatu ikirudi na basi la kesho.

"Baba, kula tu," nikasema. "Shikamoo mama. Si mtu wa shoto. Koti ni kuukuu, limegeuzwa."

Mama yule akaweka sinia chini. Akamwendea baba, akafunua ukosi, akapitisha kidole gumba kwenye mshono polepole, akatafuta matundu ya zamani asiyapate. "Nani kashona?"

"Mama. Mimi nimefumua."

Akamgeukia mumewe. "Umesikia? Na wewe hilo shati lako, kola nimeigeuza mwaka juzi, leo unawauliza watu mifuko!"

Mzee akashika shingo yake. Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kula kwa dakika kadhaa. "Mficha uchi hazai," mama yule akasema akifuta machozi. "Mwanangu anakwenda kwenye nyumba ambayo nguo haifi." Waliomba ng'ombe watano. Mmoja tulimlipa kwa mama yangu kuligeuza koti la mwenyeji, na mzee yule alilivaa Ilomba nzima kwa miaka, mfuko kulia, akijisifu. Ng'ombe mzima kwa koti moja! Nimefanya biashara maisha yangu yote, sijapata tena bei ile.

Sasa mtoto wa Festo na Tusekile anajiandaa kumposea mwanawe. Ana makoti matano, nimeyahesabu mara mbili, na alipendalo limechakaa viwiko. Ameniletea. Nimefumua pindo kwa wembe, nimekuta gundi, na kitambaa cha ndani kilichogandishwa kama karatasi. Ukikivuta kinachanika na cha nje. Makoti ya siku hizi yana upande mmoja tu. Hivyo namwomba fundi yeyote anayesoma hapa: kama kuna namna ya kuligeuza koti la gundi, anielekeze. Kikao ni mwezi ujao, na wakwe wa safari hii, nimeambiwa, wanaangalia viwiko.