Ukuta Nyuma ya Datsun

Mimi sikulipenda lile gari tangu siku lilipoingia kwenye ploti yetu, na sikuficha. Jina langu ni Nereah, lakini hapa mtaani Kianda, Nairobi, wananiita Mama Billy. Ninauza omena na samaki wa kukaanga pale pa kuingilia, kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka nisikione. Gari liliingia Jumapili moja mwaka wa tisini na sita, likisukumwa na vijana kutoka upande wa Olympic, majirani wamejipanga wakipiga makofi, na Kaloki ndani yake ameshika usukani utadhani anaendesha kweli. Injini ilikuwa imekufa, kioo cha mbele hakikuwepo, na viti vilikuwa vimeliwa na panya.

Kaloki alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu, Mkamba kutoka Mwingi, mpole kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari katika gereji moja Kawangware. Gari likiletwa limekunjamana baada ya ajali, yeye ndiye aliyelipiga nyundo hadi likarudia sura yake. Alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, na mikono yake ilinuka rangi hata kanisani. Miaka nenda miaka rudi alitengeneza magari ya watu ambao hawakumjua hata jina.

Alipokuwa mtoto, magari ya mbio za Safari yalipita karibu na kwao Pasaka moja, na Datsun ya milango miwili, yenye boneti ndefu, ikamtimulia vumbi usoni. Nadhani vumbi lile halikuwahi kumtoka machoni. Mwenye gereji alipochoka kuona mzoga wa Datsun kama hiyo ukimjazia uwanja, Kaloki aliuchukua kwa bei ya chini, akawa anakatwa mshahara kidogo kidogo. Wanaume wa rika lake walikuwa wakijenga nyumba kwao mashambani. Yeye alituambia huu ndio mradi wake wa kwanza, kwamba akiweza kuifufua hiyo ataweza kufufua gari lolote, na siku moja atakuwa na gereji yake. Bodi aliijua vizuri sana. Injini hakuijua, ila alisema atajifunza.

Basi Datsun ikakaa katikati ya ua wetu, uso umeelekea ndani na mkia umeelekea njia. Tulianika nguo juu yake, watoto wakaifanya nyumba yao, na mimi nikaizunguka kila siku nikinung'unika. Jioni Kaloki alilala chini yake na tochi mdomoni.

Mwaka uliofuata kukawa na ukame Ukambani, na dada yake mkubwa akaja Nairobi na cherehani yake. Aliitwa Ndinda. Mama yao alipofariki, Ndinda ndiye aliyemlea Kaloki, akauza mbuzi wake ili ajifunze ufundi. Kaloki alimpenda mpaka mimi nilimwonea wivu, maana ndugu zangu wananikumbuka wakiwa na shida tu. Kila jioni, mikono ikiwa imejaa grisi, alikuwa akimwambia dadake kwamba Krismasi atampeleka Mwingi kwa Datsun, mpaka mlangoni, kijiji chote kikiona. Ndinda alicheka akisema atavaa kitambaa kichwani ili upepo usimharibie nywele.

Tatizo lilikuwa chumba cha kulala. Mzee Muigai, mwenye ploti, alikuwa ametaka kwa muda mrefu kujenga chumba pale palipo wazi, gari lilipopitia, aache kichochoro cha watu tu. Kaloki alikuwa amekataa kila mara. Sasa Muigai akamwambia chumba hicho kitakuwa cha dada yake. Nilikuwa hapo na karai langu la samaki, nikauliza gari litapita wapi. Muigai akamshika Kaloki begani.

"Mabati ni misumari tu, kijana. Hii gari ikiwaka, kuja uniambie. Tunang'oa ukuta asubuhi, jioni tunarudisha."

Kwa haki, hakudanganya. Huku kwetu nyumba huhama kuliko watu, na Kaloki alikuwa amekulia katika kazi ya kubandua na kubandika mabati. Alikubali, akasaidia hata kushika mbao. Ukuta wa nyuma wa chumba cha Ndinda ukafika nyuma ya Datsun, karibu na ekzosi, bomba la kutolea moshi, kiasi kwamba mtu mzima hangeweza kupita katikati bila kujibana. Mimi nikaona hapo panafaa kwa kuku wangu, nikawawekea boksi.

Mvua ikaanza Oktoba, na haikuwa mvua tuliyoizoea. Redio zote zilikuwa zikitaja El Nino. Barabara zilikatika, vyoo vilifurika, na udongo ukasombwa chini ya kuta hadi paka angeweza kupita chini ya mabati ya Ndinda. Kaloki, akihofia maji yasiingie kwenye injini, alifunga turubai kubwa kutoka paa hadi paa. Ua ukawa na giza kama stoo. Sikupenda hilo giza, nikasema, lakini nguo zetu sasa zilikauka bila kunyeshewa, kwa hiyo hakuna aliyenisikiliza.

Novemba injini ikawaka. Watu walitoka vyumbani wakipiga makofi, kisha wakaanza kukohoa. Ulikuwa moshi mweusi, mzito, ukaingia kwenye nguo na kwenye sufuria. Tulimrukia Kaloki kwa maneno, na mimi nilikuwa wa mbele. Tulimwambia akitaka amani na sisi auondoe ule moshi. Aliomba msamaha kwa kila mlango. Kila jioni baada ya hapo alifungua kabureta, akasafisha, akafunga, akawasha, akasikiliza. Moshi ukawa wa kijivu, halafu mwepesi, halafu ukaisha. Tulimsifu, na hakuna aliyelalamika tena.

Lazima niseme kwamba sisi si watu wasiojua hatari. Mwaka uliotangulia, mke na mume katika ploti ya jirani walilala na jiko la makaa ndani, lisilo na moshi hata kidogo, na hawakuamka. Tangu hapo tulikuwa na sheria: jiko linakaa nje. Ndinda aliishika sheria hiyo kutuzidi sote. Hata mvua ikinyesha namna gani, jiko lake lilibaki kibarazani.

Desemba alipata kazi nyingi ya kushona, mashati meupe ya wanafunzi wanaofungua shule Januari. Alishona mchana kutwa, mlango amefunga kwa komeo maana upepo ulikuwa unausukuma na kuingiza maji kwenye vitambaa. Hapo ndipo alipoanza kuumwa kichwa.

"Inaniuma jioni tu, Mama Billy, nikiwa kwa nyumba," aliniambia akiwa amekaa karibu na karai langu. "Nikikaa hapa nje kidogo, inaisha."

Nilimwambia ni macho, anunue miwani. Mwingine akamwambia ni malaria. Alimeza dawa za malaria. Kaloki alimnunulia taa kubwa zaidi, na maziwa.

Kisha kuku wangu wakafa. Niliwakuta asubuhi wote ndani ya boksi, wamelala vizuri, bila dalili ya kuumwa. Nililia, sioni aibu kusema. Wenzangu walisema ni kideri, na mimi mwenyewe niliamini ni kideri, nikawazika kule nyuma ya choo. Siku hiyo nilianza kuogopa, bila kujua naogopa nini. Nilipopita karibu na lile gari niliharakisha hatua. Nilipomwambia Kaloki alitabasamu, akaahidi kuninunulia kuku wengine Mwingi.

Jumamosi kabla ya Krismasi alirudi mapema kutoka Kawangware, amebeba betri kwenye gunia. Mvua ilikuwa inapiga turubai mpaka tukawa tunapaza sauti. Akafunga betri, akawasha injini, akaiacha iendelee ili betri ijae. Jumatatu Muigai angekuja kung'oa ukuta. Kaloki alinivuta mkono hadi kwenye mkia wa gari, uso wake uking'aa kwa furaha.

"Angalia, Mama Billy. Unaona moshi? Hakuna."

Niliangalia. Kweli hakukuwa na moshi. Nikamwambia amefanya kazi nzuri, na nilimaanisha.

Ndinda alikuwa ameniagiza samaki. Nilipompelekea, niligonga, nikagonga tena. Ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeisikia cherehani kwa muda. Mchana wote ilikuwa haikomi, tuliizoea kuliko mvua. Nikaita, halafu nikapiga kelele.

Kaloki hakuhangaika na mlango. Alichukua nyundo yake, akajibana nyuma ya gari, akaanza kung'oa misumari. Bati zima likatoka kabla sijapumua vizuri. Muigai alikuwa amesema kweli. Ndinda alikuwa amelalia cherehani, shavu lake juu ya shati jeupe, na mashavu yake yalikuwa mekundu vizuri, mtu angedhani ametoka kuota jua. Tulimtoa nje hadi kichochoroni, kwenye mvua. Hakufumbua macho.

Mtu mmoja akasema ni jiko. Wengine wakaitikia, ni jiko, ni jiko. Mimi nikageuka kutazama kibarazani. Jiko la Ndinda lilikuwa hapo lilipokuwa siku zote, limejaa maji ya mvua mpaka juu.

Kelele zikaisha. Tukaisikia injini, laini kabisa, haikosi hata pigo moja. Kaloki alikuwa bado ameshika bati. Sehemu ya chini ya bati, upande uliokuwa umeelekea gari, palikuwa na duara jeusi la masizi lenye upana wa kisahani. Alilitazama, akalitupa lile bati, akasema tung'oe na upande wa pili.

Wanaume walibandua ukuta wa mbele. Kitanda kilitupwa njiani, cherehani ikafuata, mashati yakakanyagwa kwenye matope. Mimi niliingia garini na Ndinda mapajani, nikafungua dirisha. Kaloki alirudisha gari nyuma juu ya sakafu ya chumba cha dada yake, akageuza, akashika barabara ya Olympic. Majirani walijipanga pande zote mbili kwenye mvua, vile vile walivyojipanga siku Datsun ilipokuja, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Gari lilikwenda vizuri. Nilikuwa nimemfunga Ndinda leso yangu kichwani, na upepo ulikuwa unaivuta.

Hospitalini tulimlaza kwenye benchi la mlangoni. Nesi aliweka vidole shingoni mwake, akavirudisha tena, kisha akaviondoa polepole, akaangalia saa yake na kumfunika Ndinda uso kwa leso yangu. Alikuwa mwanamke mzima, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeona jambo hilo mara nyingi. Alituuliza ni nani kati yetu aliyeingiza jiko kwenye nyumba iliyofungwa.

"Si jiko," Kaloki akasema. "Ni gari yangu."

Nesi akauliza gari gani, na Kaloki akaonyesha kwa kidole. Hakuwa amekumbuka kuizima. Datsun ilikuwa imesimama pale getini kwenye mvua, bado inanguruma, na nyuma yake hakukuwa na moshi hata kidogo.