Honorine na unga wa mende

Saa nne asubuhi, Honorine Kalenga ameinama mbele ya bomba la kioo, akihesabu matone. Kila tone la maji linaonyesha kwamba asidi ya mafuta ya mawese na kemikali iitwayo amini, zinazochemka katika chombo cha lita hamsini, zinaungana kuwa amidi: dawa ya kuinua madini ya shaba kwenye povu. Maji yakifika alama nyekundu, kazi imekwisha.

Karakana hii ndogo iko Manika, mjini Kolwezi. Kwa miaka tisa hakuna aliyemshinda Honorine kwa kuchemsha dawa hiyo. Ilimchukua saa kumi na nne.

Mwezi Machi akaja Myriam, mhitimu wa miaka ishirini na minne. Alitia vijiko vichache vya unga mweupe, asidi ya boriki, ambayo watu huitumia kuua mende, na maji yakafika alama kwa saa tano. Unga huo ni kichocheo: huharakisha muungano, wenyewe usiishe.

“Mi nilicheka,” anasema Honorine. “Nilisema, muone, mutoto anatia dawa ya mende mu chombo yetu. Kisha maji ikaanza kushuka.”

Wivu ukamshika, wala haufichi leo. Hata jinsi Myriam alivyofunga kitambaa kichwani ilimkera. Tena tata, yaani mzee, Edouard, msimamizi, alikuwa akitafuta mkuu wa zamu, nafasi aliyoingoja Honorine.

Siku moja Myriam hakuwapo, na kopo lake lilikuwa limefungiwa kabatini. Honorine akanunua unga wa mende sokoni, akautia chomboni ili naye amalize kwa saa tano. Baada ya saa moja dawa yote ilikuwa nyeusi kama lami.

Edouard alidhani Myriam ndiye aliyekosea vipimo alivyoviandaa siku iliyotangulia. Kesho yake akamwita ajieleze.

“Usiku ule nililala muzuri,” anakiri Honorine. “Lakini asubuhi nikamuona Myriam anasimama mbele ya tata. Nikatoa pakiti. Nikasema, tata, ni mi.”

Myriam aliisoma pakiti polepole. “Mama Honorine, iyi iko na sukari. Mende anapenda sukari. Amidi hapendi.”

Edouard alicheka. Honorine hakucheka.

Alipata barua ya onyo. Myriam akapata ukuu wa zamu. Sasa Myriam anamfundisha kupima kichocheo, na Oktoba Honorine ataanza masomo ya kemia ya jioni.

Je, wivu umekwisha?

“Ingali iko,” anasema, macho kwenye kioo. “Yeye anamaliza saa tano. Mi nataka saa ine.”